Kiwanda Kinachoelea: Jinsi Gesi Asilia Inavyotolewa Chini ya Bahari

Mji wa Kagongwa uko Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Kutoka hapo hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni safari ya kilometa 1,000 hivi kwa barabara. Wakazi wengi wa Kagongwa hulima mpunga, huukoboa na kuuza mchele. Mashine nyingi za kukoboa mpunga huendeshwa kwa umeme. Je, umewahi kujiuliza umeme huo hutoka wapi?

Sehemu ya umeme wetu hutokana na nguvu ya maji ya mito. Sehemu nyingine kubwa hutokana na gesi asilia. Kabla ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024, gesi ilitoa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa. Gesi hiyo hutoka katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Kwa hiyo mtu anayekoboa mpunga Kagongwa hutumia nguvu iliyotoka chini ya miamba ya pwani, hata kama hajaiona bahari maisha yake yote.

Lakini gesi inayotumika sasa ni sehemu ndogo tu ya gesi tuliyo nayo. Sehemu kubwa imo chini ya bahari yenye kina kirefu. Katika sura hii tutajifunza jinsi watu wanavyoweza kuitoa gesi ya namna hiyo kwa kutumia kiwanda kinachoelea juu ya maji.

GESI ASILIA NI NINI?

Zamani sana, mamilioni ya miaka iliyopita, mimea na wanyama wadogo mno waliishi baharini. Walipokufa walizama na kufunikwa na matope. Matope mengine yaliletwa na mito, yakalundikana juu yao tabaka juu ya tabaka. Matope yale yakawa miamba. Joto na mgandamizo wa ardhini vikayageuza mabaki ya viumbe hao kuwa mafuta na gesi.

Gesi asilia ni mchanganyiko wa gesi mbalimbali. Iliyo nyingi zaidi huitwa methani. Methani haina rangi wala harufu, nayo huwaka vizuri.

Watu wengine hudhani kwamba chini ya ardhi kuna pango kubwa lililojaa gesi. Sivyo. Gesi hukaa ndani ya vitundu vidogo sana vya mwamba wa mchanga. Fanya jaribio lifuatalo uone jinsi jambo hili linavyowezekana.

Jaribio la 1

Vifaa: tofali kavu la kuchoma, ndoo na maji.

Njia: Tia maji katika ndoo hadi ifike nusu. Tumbukiza tofali taratibu mpaka lifunikwe na maji. Tazama kwa makini.

Utaona nini? Mapovu madogo yanatoka katika tofali na kupanda juu. Hewa ilikuwa imejificha katika vitundu vya tofali. Maji yalipoingia, hewa ilifukuzwa.

Mwamba wenye gesi ni kama tofali hilo. Juu yake sharti kuwe na mwamba mwingine usio na vitundu, ambao huizuia gesi isipande na kupotea. Mwamba huo wa juu hufanya kazi kama mfuniko wa chungu.

GESI ILIYO CHINI YA BAHARI YETU

Gesi asilia iligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mwaka 1974, katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Mwaka 1982 iligunduliwa tena Mnazi Bay, mkoa wa Mtwara. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004. Kutoka kisiwani, bomba hupita chini ya bahari kwa kilometa 25, kisha hupita nchi kavu kwa kilometa 207 hadi Dar es Salaam. Hapo bahari si ya kina kirefu, kwa hiyo kulaza bomba kuliwezekana.

Kuanzia mwaka 2010, makampuni yalichimba visima vya utafiti mbali zaidi na pwani. Yalipata gesi mara nyingi. Visima hivyo vilipewa majina ya Kiswahili. Vingine viliitwa kwa majina ya samaki na viumbe wengine wa baharini, kama Pweza, Chewa, Chaza na Jodari. Vingine viliitwa kwa majina ya viungo na mimea, kama Zafarani, Lavani, Tangawizi na Mdalasini. Gesi yote iliyogunduliwa Tanzania, ya nchi kavu na ya baharini, inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 hivi.

Kisima cha Zafarani, kilichochimbwa mwaka 2012, kiko mahali ambapo maji yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Tafakari umbali huo. Mtu akitembea kwa miguu barabarani, hutumia zaidi ya nusu saa kuumaliza. Sasa usimamishe umbali huo wima, uujaze maji, halafu ujue kwamba kazi ya kuchimba ndiyo kwanza inaanzia huko chini.

UZITO WA MAJI YA BAHARI

Jaribio la 2

Vifaa: kopo refu, msumari na maji.

Njia: Toboa matundu 3 yaliyo sawa kwa ukubwa katika ubavu wa kopo: moja karibu na juu, la pili katikati, la tatu karibu na chini. Ziba matundu kwa vidole, kisha jaza maji. Ondoa vidole vyote kwa pamoja.

Utaona nini? Maji ya tundu la chini yanatoka kwa nguvu kuliko ya matundu mengine.

Jaribio hili linaonyesha kwamba kadiri kina cha maji kinavyoongezeka, ndivyo maji yanavyokandamiza kwa nguvu zaidi. Nguvu inayokandamiza kila kipimo cha eneo huitwa kanieneo. Katika kina cha mita 2,000, maji ya bahari hukandamiza kila sentimeta ya mraba kwa uzito wa kilo 200 hivi. Hiyo ni sawa na magunia mawili ya mpunga ya kilo 100 kila moja, yakikaa juu ya ukucha wa kidole gumba chako!

Mzamiaji hawezi kufanya kazi mahali kama hapo. Kwa hiyo kazi zote za kule chini hufanywa na mashine. Mashine hizo zina taa, kamera na mikono ya chuma, nazo huunganishwa na meli kwa waya mrefu. Mtu hukaa melini, akatazama picha na kuiongoza mashine.

KUCHIMBA KISIMA

Huenda umesikia habari za migodi ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu. Huko mawe huvunjwa, hupakiwa na kutolewa nje, kwa kuwa dhahabu haiwezi kutoka yenyewe. Gesi ni tofauti. Imekandamizwa ndani ya mwamba, nayo ikipata njia hupanda kwa nguvu zake yenyewe. Katika mgodi wa dhahabu shida ni kukitoa kitu nje. Katika kisima cha gesi shida ni kukizuia kisitoke ovyo.

Meli ya kuchimbia hukaa mahali pamoja kwa msaada wa mitambo inayosukuma maji kila upande. Kutoka melini hushushwa bomba refu lenye kekee kali mwishoni. Kekee huzunguka na kutoboa miamba. Tope zito maalumu humiminwa ndani ya bomba. Tope hilo hupoza kekee, huondoa vipande vya mawe, na kwa uzito wake huizuia gesi isilipuke kwenda juu. Kisima kikikamilika huwekewa vali imara juu ya sakafu ya bahari. Vali ni kama bomba la maji la nyumbani: hufunguliwa na kufungwa. Tofauti ni kwamba hizi hufunguliwa na mtu aliye mbali, juu ya maji.

KIWANDA KINACHOELEA

Gesi ikishafika sakafuni mwa bahari, ipelekwe wapi? Njia moja ni kulaza bomba mpaka pwani. Njia ya pili ni kukileta kiwanda mahali gesi ilipo.

Njia hii ya pili ilianza kwa mafuta. Mwaka 1977 meli iitwayo Castellon ilifungwa nanga karibu na Hispania, katika bahari ya Mediterania, ikawa inapokea mafuta kutoka kisimani, kuyasafisha na kuyahifadhi. Baadaye mafundi walitengeneza meli za gesi pia, ingawa kazi ya gesi ni ngumu zaidi.

Mfano ulio karibu nasi uko Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma. Mwaka 2012 gesi iligunduliwa baharini mbele ya jimbo la Cabo Delgado, mahali palipoitwa Coral. Maji ya hapo yana kina cha mita 2,000 hivi. Mwaka 2017 iliamuliwa kijengwe kiwanda kinachoelea. Kilijengwa Korea Kusini na kuitwa Coral Sul. Kiliondoka huko Novemba 2021, kikafika Msumbiji Januari 2022. Shehena ya kwanza ya gesi ilisafirishwa Novemba 2022.

Coral Sul ina urefu wa mita 432 na upana wa mita 66. Ukiweka viwanja 4 vya mpira wa miguu kimoja baada ya kingine, bado havifikii urefu huo. Watu 350 wanaweza kulala humo. Uzito wake ni tani 220,000 hivi.

Kitu kizito namna hiyo kinaeleaje? Weka sufuria tupu juu ya maji, kisha weka msumari. Msumari huzama, sufuria huelea. Sufuria ina nafasi kubwa ndani, kwa hiyo husukuma maji mengi pembeni. Maji hayo yaliyosukumwa yanapokuwa na uzito sawa na wa sufuria, sufuria huelea. Meli nayo huelea kwa kanuni hiyo hiyo.

Kiwanda hiki hakiendi huku na huku. Kimefungwa kwa nanga 20 zilizoshikamana na sakafu ya bahari. Lakini upepo na mawimbi hubadilika. Kama kingefungwa pande zote, mawimbi makubwa yangekipiga ubavuni. Kwa sababu hiyo kamba zote za nanga zimeunganishwa kwenye mhimili mmoja mkubwa, na meli huweza kuzunguka mhimili huo. Umemwona ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye kigingi: hageuki kwenda mbali, lakini hugeuka upande wowote apendao. Meli hii nayo hugeuka ikaelekeza kichwa kwenye upepo. Mabomba yanayoleta gesi kutoka visima 6 hupandia katika mhimili huo huo, kwa hiyo hayasokoteki meli inapogeuka.

KUGEUZA GESI KUWA KIMIMINIKA

Gesi inayotoka kisimani haiwi safi. Huja pamoja na maji, mafuta mepesi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Hivi vyote huondolewa kwanza. Visipoondolewa vitaganda katika baridi kali na kuziba mabomba.

Baada ya kusafishwa, gesi hupozwa mpaka ifike nyuzi 162 za Sentigredi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo methani huacha kuwa gesi, ikawa kimiminika kinachofanana na maji. Ujazo wake hupungua mara 600 hivi. Yaani gesi ambayo ingejaza madebe 600 huingia katika debe 1. Hiyo ndiyo faida ya kuipoza: meli moja hubeba gesi nyingi sana.

Je, baridi hiyo hupatikanaje? Fanya jaribio hili.

Jaribio la 3

Vifaa: pampu ya baiskeli na gurudumu la baiskeli.

Njia: Jaza gurudumu upepo kwa kupampu upesi. Gusa sehemu ya chini ya pampu. Acha gurudumu kwa dakika chache, kisha fungua vali kidogo. Weka kidole mbele ya upepo unaotoka.

Utaona nini? Pampu imepata joto. Upepo unaotoka katika gurudumu ni wa baridi.

Tumejifunza kwamba gesi ikikandamizwa hupata joto, na ikitanuka hupoa. Kiwandani, gesi za kupozea hukandamizwa na mashine kubwa. Joto lake huondolewa kwa maji ya bahari. Kisha huachiwa zitanuke, zikawa baridi sana, na kupitishwa kando ya mabomba yenye gesi asilia. Kazi hiyo hurudiwa tena na tena. Friji ya dukani hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo.

Kimiminika huhifadhiwa katika matangi yaliyo tumboni mwa kiwanda, yenye kuta nene zinazozuia joto lisiingie. Meli ya kusafirishia huja, hufungwa kando, hupakia na kwenda zake. Ifikapo nchi ya mnunuzi, kimiminika hupashwa joto, kikawa gesi tena, na kupelekwa kwa mabomba viwandani na majumbani. Coral Sul inaweza kutengeneza tani milioni 3.4 za kimiminika kwa mwaka.

HATARI NA TAHADHARI

Gesi huwaka, na baharini hakuna mahali pa kukimbilia. Mwezi Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, gesi ililipuka katika mtambo wa kuchimbia uitwao Deepwater Horizon. Vali kubwa zilizowekwa sakafuni mwa bahari hazikukiziba kisima. Watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87. Samaki, ndege na kazi za wavuvi vilipata hasara kubwa.

Kwa hiyo vali hupimwa mara kwa mara. Vyombo vya kugundua gesi huwekwa kila mahali. Vyumba vya kulala hujengwa mbali na mitambo ya gesi. Methani ikivuja angani huzuia joto la dunia lisitoke, nayo gesi ikichomwa hutoa kaboni dayoksaidi. Hayo huongeza joto duniani, na mkulima wa mpunga anayetegemea mvua ni miongoni mwa watu wanaoathirika.

Kumbuka pia kwamba gesi haioti tena kama mpunga. Ikishachimbwa imekwisha.

MELINI AU NCHI KAVU?

Sasa tulinganishe njia mbili tulizozitaja. Kiwanda kinachoelea hakihitaji bomba refu la kufika pwani, wala ardhi ya wanakijiji. Hujengwa karakana moja na kuvutwa mpaka kisimani. Kiko mbali na ghasia za nchi kavu: mwaka 2021 ujenzi wa kiwanda cha gesi cha Afungi, katika jimbo lile lile la Cabo Delgado, ulisimama kwa sababu ya mashambulizi ya watu wenye silaha, lakini kazi ya Coral Sul iliendelea.

Hata hivyo, kiwanda kinachoelea hutoa kazi chache pwani. Kimiminika hupakiwa melini na kwenda ng'ambo moja kwa moja. Gesi yote ya Coral Sul iliuzwa kwa mnunuzi mmoja kwa mkataba wa miaka 20. Nchi yenye gesi hupata fedha, lakini gesi yenyewe haifiki katika majiko na viwanda vyake.

Tanzania ilichagua kupanga kiwanda cha nchi kavu, mahali paitwapo Likong'o, mkoa wa Lindi. Gesi ya bahari kuu italetwa pwani kwa mabomba ya kilometa 100 hivi. Sehemu yake itageuzwa kimiminika na kuuzwa. Sehemu nyingine inaweza kutumiwa nchini kwa umeme, mbolea na kupikia. Mpango huu ni wa gharama kubwa, na majadiliano yake yamechukua miaka mingi. Mwezi Juni 2022 serikali na makampuni yalitia sahihi makubaliano ya awali.

Hivyo Msumbiji ilihitaji miaka 10 tangu kugundua gesi ya Coral mpaka kuuza shehena ya kwanza. Tanzania iligundua gesi yake ya bahari kuu wakati huo huo, nayo katika miaka hiyo 10 haikuuza hata debe moja. Je, ni bora kupata mapema na kubakiwa na kidogo, au kungoja ili kubakiwa na kingi? Sayansi hutueleza jinsi kila njia inavyofanya kazi, gharama zake na hatari zake. Kuchagua ni kazi ya wananchi wanaoielewa sayansi hiyo. Baada ya miaka michache mmoja wao utakuwa wewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Gesi asilia hukaa katika vitundu vya mwamba, chini ya mwamba usiopitisha gesi.
2. Kanieneo ya maji huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka.
3. Kiwanda kinachoelea hupokea gesi kutoka visimani, huisafisha, huipoza, huihifadhi na kuipakia melini.
4. Gesi asilia ikipozwa hadi nyuzi 162 za Sentigredi chini ya sifuri huwa kimiminika, na ujazo wake hupungua mara 600 hivi.
5. Gesi asilia ikitumika huisha.

MASWALI

1. Katika Jaribio la 1, mapovu yalitoka wapi? Eleza jinsi tofali linavyofanana na mwamba wenye gesi.
2. Kwa nini wazamiaji hawatumiwi katika visima vilivyo kwenye kina cha mita 2,000?
3. Debe lina lita 20. Debe moja la gesi iliyogeuzwa kimiminika litatoa lita ngapi za gesi likipashwa joto?
4. Kwa nini kiwanda kinachoelea huachwa kizunguke mhimili wa nanga?
5. Taja vitu viwili vinavyoondolewa katika gesi kabla ya kupozwa. Eleza sababu.
6. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kupita katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Tabora. Kwa nini kulaza bomba nchi kavu ni rahisi kuliko kulilaza katika bahari ya kina kirefu?
7. Jigaweni makundi mawili darasani. Kundi moja litetee kiwanda kinachoelea, la pili litetee kiwanda cha nchi kavu. Kila kundi litoe sababu tatu. Kisha andikeni katika madaftari yenu uamuzi wa darasa na sababu zake.